Kumsalimia Shangazi

Baba yangu alikuwa hawezi kumpita mtu. Kutoka kwetu Mollo hadi kanisani ni mwendo wa nusu saa, lakini ukiongozana naye mnatumia saa nzima na zaidi, mnaingia padri ameshamaliza mahubiri. Mbele ya kila mtu mzima alisimama, akachuchumaa kidogo, akapiga makofi yetu yale ya Kifipa, ya taratibu, halafu ndipo anaanza: mmeamkaje, watoto wameamkaje, ule mguu unaendeleaje, mahindi ya kule mtoni yamebeba? Na hakuwa anauliza kwa mazoea. Alisubiri jibu. Ukimwambia mguu bado, atataka kujua unaukanda na nini.

Mimi hilo sikulirithi. Nina hasira za karibu na sipendi kusubiri hata chai ipoe. Ni bibi shamba, kazi yangu ni kuzunguka vijijini na pikipiki kuwaeleza watu habari za mbegu na mbolea, na wanaoniambia haraka haraka haina baraka huwa nawajibu kwamba mvua haimngojei mtu. Baba alikuwa akinisikia anacheka. Alikuwa ananiita "mama", kwa sababu nimebeba jina la mama yake, na alisema hata bibi alikuwa na mdomo huo huo.

Sasa, katika watu wote wa uwanda wa Ufipa, alikuwepo mmoja tu ambaye baba hakumsalimia. Dada yake wa kuzaliwa naye tumbo moja.

Shangazi aliolewa bondeni, chini kule Rukwa, na Msukuma mfugaji. Enzi hizo wafugaji ndiyo walikuwa wanaingia kwa wingi na ng'ombe wao, na jioni moja kundi lilivamia shamba la baba la ulezi likalimaliza lote. Kabla hasira haijapoa, shangazi akatangaza kwamba kijana wa boma lenye ng'ombe wale wale ndiye aliyemchagua. Lo! Baba alimwambia mbele ya watu: "Ukishuka huko, usinisalimie tena maishani mwako." Shangazi akashuka. Ng'ombe wa mahari walipokuja kupokelewa, baba hakutoka ndani.

Siku ya mazishi ya bibi, shangazi alipanda kuja kuzika. Nilikuwa msichana wa shule, nimesimama karibu kabisa. Alimfuata kaka yake, akachuchumaa mbele yake, akaanza kupiga makofi. Baba akageuza uso akatazama miti. Shangazi akaendelea kupiga, pa, pa, pa, akiamini ataitikiwa tu, mpaka wanawake wakamshika mabega wakamwinua. Hakurudi tena nyumbani kwetu. Ilipita miaka kumi na tisa, na baba aliendelea kumsalimia kila mlevi wa Mollo.

Ijumaa moja ya mwezi wa tano, jioni, binamu yangu alinipigia simu kutoka bondeni. Huyu ni mtoto mkubwa wa shangazi.

"Dada, mama hali yake si nzuri. Moyo. Miguu imevimba, akilala hapumui vizuri. Anamtaka mjomba."

"Anataka apelekewe nini?"

"Hataki kitu. Anasema aje tu amsalimie."

Nilikwenda kwa baba nimejiandaa kwa vita. Nilikuwa na maneno yangu yote tayari, mengine makali. Alikuwa anapukuchua mahindi. Nikamwambia vile vile nilivyoambiwa. Aliweka gunzi chini, akajifuta mikono kwenye suruali, akaniuliza, "Kesho asubuhi utanipeleka?" Basi. Miaka kumi na tisa ikaishia hapo, na maneno yangu makali yakanibaki mdomoni.

Magari ya bondeni huondoka mjini yakijaa, na kujaa kwenyewe ni mpaka saa sita. Kwa hiyo tulikwenda na pikipiki yangu. Baba alivaa shati lake la Jumapili, juu yake koti langu kubwa la baridi, na kofia ngumu iliyombana mpaka mashavu yakamtoka mbele. Mimi nilivaa koti la mvua la njano, lile la kazini. Nyuma tulifunga kamfuko ka unga wa ulezi. Shangazi alikuwa hajala ulezi wa kwao tangu bibi afe, alisema baba, na sijui nani alikuwa amemwambia hivyo.

Tulisimama mara tatu kabla ya kutoka Mollo. Nakumbuka kwa sababu nilihesabu. Tukapita Sumbawanga mjini, watu wamejifunika mablanketi, tukashika barabara ya kwenda Mpanda. Pale Ntendo tunapoacha lami, baba akamwona katekista anaingia dukani, akanigonga bega. Nikasimama. Akashuka, akavua kofia, akachuchumaa, makofi, watoto, ukoo mzima. "Nakwenda kumsalimia dada yangu," alimwambia katekista, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayekwenda harusini.

Kutoka hapo ni vilima vitupu na upepo. Wageni huniuliza kuna nini cha kuona Ufipa, nami huwaambia waende asubuhi ya mwezi wa tano. Majani yamegeuka rangi ya asali, ukungu umekaa mabondeni, na kwenye miteremko yanaonekana yale matuta yetu ya duara ambayo tangu mababu tunafukia nyasi ndani yake zioze ziwe mbolea. Barabara inazunguka kilima hiki, inashuka, inapanda kile. Baba alikuwa ananipigia kelele sikioni juu ya muungurumo: hapa aliwahi kulala na mzigo wa chumvi, pale yeye na shangazi walikimbizwa na mbwa wakiwa watoto, shangazi akapoteza kitenge chake akarudi nyumbani na gauni tu. Alikuwa anacheka peke yake huko nyuma. Nilikuwa sijamsikia akimtaja dada yake tangu nilipopata akili.

Halafu nchi inakatika. Hakuna onyo, unamaliza kona moja ya kawaida, mbele yako hakuna ardhi tena. Chini kabisa ni bonde la Rukwa, limetanda, la kijivu na kijani, na mbali ziwa, mstari mweupe usiojulikana unapoishia. Hewa ya joto inakupanda usoni wakati mgongo wako bado una baridi ya juu. Nimepita pale mara nyingi na kila mara napunguza mwendo bila kupenda.

Ukingoni pale alikuwa amepumzika mfugaji mmoja mtu mzima, anapeleka ng'ombe mnadani. Baba akagonga bega langu tena.

"Baba, tunachelewa."

"Dakika moja, mama."

Dakika moja yake naijua mimi! Nilikaa juu ya pikipiki, injini inaunguruma, nikamwangalia anavyochuchumaa mbele ya yule Msukuma, yeye ambaye zamani akiona ng'ombe barabarani alikuwa anatema mate. Alikuwa anamwuliza kwao wanasalimianaje asubuhi. "Mwangaluka," yule bwana akamfundisha. Baba akarudia. Akakosea, wakacheka, akarudia tena. Alitaka akifika amsalimie shemeji yake kwa lugha yake mwenyewe. Leo nikikumbuka hilo roho inaniuma mno, maana lilikuwa jambo la kiungwana kuliko yote niliyowahi kumwona akifanya, na mimi niliitikia kwa kupiga honi.

Tukaanza kuteremka. Mlima ule hauhitaji papara. Unaweka gia ya pili, unaiachia injini ishike uzito, unagusa breki kidogo kidogo, na kwenye kona za changarawe unakaa upande wa mlima, si upande wa korongo. Akina mama wawili wakawa wanapanda mlima na kuni, baba akaomba, nikasimama. Mzee mwenye jembe, nikasimama. Pale kwa mzee yule uvumilivu ukaniishia. Baba aliporudi kupanda nilimgeukia, nikamwambia neno ambalo ningelipata njia ya kulimeza ningelimeza hata leo.

"Baba, huyu ndiye wa mwisho. Ukisalimia mwingine, shangazi tutamkuta ameshazikwa."

Alivaa kofia yake, akapanda, akashika chuma cha nyuma badala ya kunishika kiuno.

Kona mbili tatu mbele tukasikia pikipiki inapanda, inalia kwa shida. Ikatokea chini yetu. Watu watatu, mshikaki. Dereva mbele; katikati mtu amefunikwa blanketi gubigubi, kitenge kimefungwa kichwani mpaka usoni, kichwa kimelalia mgongo wa dereva; nyuma mwanamume amemkumbatia yule wa katikati kwa mikono yote miwili, uso ameuinamisha kwenye bega lake. Dereva akapiga honi. Akapiga tena, ndefu.

"Mama, simama," baba alisema. "Wale wana mgonjwa."

Niliendelea.

"Mama, wenye mgonjwa hawapitwi bila kupewa pole."

"Pole za mlima huu haziishi, baba!" nikamfokea, na nikaongeza mafuta kidogo.

Hapa lazima nieleze kitu, maana aliyezaliwa kwenye tambarare anaweza asinielewe. Kule kwetu mlimani anayeshuka ndiye husimama. Anayepanda na mzigo hawezi. Akisimama kwenye mwinuko ule, kuondoka tena ni mpaka ashushe watu wasukume. Kwa hiyo anayepanda akikupigia honi mara mbili, hajigambi wala hakufukuzi. Anakuomba wewe unayeshuka usimame, ana jambo. Mimi hilo nalijua. Nimeliheshimu miaka yote ya kazi yangu, hata kwa walevi. Siku ile nilijiambia honi ni ya kona tu. Tukapishana karibu kiasi kwamba blanketi liligusa mkono wangu.

Tulifika chini joto limeshakolea, mashamba ya mpunga yanang'aa, koti la baridi likawa adhabu. Boma la shangazi liko pembeni mwa Muze, zizi kubwa, nyumba ya matofali. Uwanjani walikaa wanawake wa jirani, na mume wa shangazi, mzee mrefu mwenye fimbo, akainuka alipotuona. Baba akashuka hata kabla sijazima injini. Akachuchumaa, akapiga makofi, akasema, "Mwangaluka." Jua lilikuwa limeshafika utosini. Yule mzee alimtazama muda mrefu, akaitikia.

Kisha akasema, "Hamkukutana?"

"Na nani?" nikauliza mimi.

"Alizidiwa asubuhi. Mwanangu kampakia kwenye pikipiki wampeleke mjini hospitali. Watatu. Wamekupigia sana simu."

Nikaitoa simu ndani ya koti. Binamu alikuwa amepiga mara saba. Sikuweza kumtazama baba. Nilisikia tu anasema taratibu, "Basi turudi, mama."

Nilipandisha mlima ule kama kichaa. Tulipita watu, wengi tu, wenye mikungu ya ndizi, wenye watoto mgongoni, na baba hakunigonga bega hata mara moja. Nilikuwa natamani anigonge. Nilikuwa natamani anitukane. Pale tulipopishana nao nilipatambua kwa jiwe lililotokeza barabarani, tukapapita, kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, nikaanza kujipa moyo kwamba wameshafika juu, wameshashika lami, daktari ameshamshika mkono. Kona ya tano pikipiki yao ilikuwa imelazwa ubavu pembeni. Dereva amekaa kwenye jiwe, ameshika kichwa. Binamu yangu amekaa kwenye majani, na shangazi amelala mbele yake, kitenge kimeshafunika uso.

Binamu alimtazama mjomba wake, halafu akanitazama mimi. Hasa aliangalia koti langu, lile la njano. Aliliangalia muda mrefu.

"Alikuwa anauliza njia nzima," alisema hatimaye, akiongea na baba. "Anauliza, bado hatujakutana nao? Akaniambia nimwambie dereva apige honi kwa kila pikipiki inayoshuka, huenda ni mjomba. Na mimi nilikuwa nimemwinamia nisimwangushe, sikuweza kuona nyuso za watu."

Dereva akainuka kwenye jiwe, akasogea kumpisha baba.

Baba akavua kofia. Akamwendea dada yake, akachuchumaa pale barabarani, magoti yake yakalia, akaanza kupiga makofi. Taratibu, kama ilivyo desturi. Akamsalimia kwa Kifipa, yote, tangu mwanzo: umeamkaje, wa nyumbani kwako wameamkaje, watoto, mifugo, mashamba. Na baada ya kila neno alinyamaza kidogo, muda ule ule wa mtu kujibu, ndipo anakwenda kwenye lingine. Upepo ulikuwa unapeperusha ncha ya kitenge. Nilikaa chini nikalia kwa sauti, na hakuna aliyeninyamazisha.

Tangu hapo nimepiga hesabu zile mara nyingi. Najiambia kwamba baba asingesimama kwa katekista, kwa mfugaji, kwa wale wa kuni, tungemkuta nyumbani kabla hawajampakia, na kosa lingekuwa la salamu zake, si la haraka yangu. Kuna siku naliamini hilo karibu nusu saa. Halafu nakumbuka kwamba alimwomba mtu mmoja tu, mimi, kitu kimoja tu, tena mara mbili, na alipokuwa akikiomba dada yake alikuwa umbali wa mkono wangu, hai, anaulizia kama tumeshafika.

Tulimzika kwa mumewe, bondeni. Watu walijaa, Wasukuma wa huko na Wafipa walioteremka kwa lori, na wote walikuwa wanajua habari ya ndugu hawa wawili, kwa hiyo wote walikuwa na swali moja. Mwishowe mama mmoja wa pale jirani akauliza kwa niaba yao, matanga yakiwa kimya: "Kaka, ulimwahi?"

Baba yangu alikuwa mtu wa kuungama kila mwezi. Sijapata kumsikia akidanganya hata juu ya uzito wa gunia. Alitazama mikono yake, akasema, "Tulimkuta mlimani. Nilisimama, tukasalimiana."

Watu wakashusha pumzi. Wengine wakasema Mungu ni mwema. Binamu yangu alikuwa amekaa upande wa pili, kichwa chini, na akaendelea kuchora mchanga na kijiti.

Mume wa shangazi akainuka na fimbo yake. Akapita katikati ya watu, akaja mpaka mkekani nilipokaa na wanawake. Nikapiga magoti. Akachukua mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, mzee mzima yule, machozi yanamtoka mbele za watu bila kuyafuta.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyemleta," alisema. "Ungechelewa kidogo tu, mke wangu angekufa hajasalimiwa na kaka yake. Sina cha kukulipa. Asante. Asante sana."

Nilifungua mdomo nimwambie. Kweli nilifungua. Nikamwona baba, kule kwa wanaume, ananitazama. Alitikisa kichwa polepole, kukataa, kisha akaniashiria kwa mkono kwamba nipokee.

"Asante, baba," nikamjibu yule mzee. Wanawake wote waliokaa mkekani wakanipigia makofi.